Mpaka Jua Lichwe Mashariki

Siku Mzee Yakubu alipoitupa simu yake ndani ya gunia la mchele, wateja wote wa dépôt yake ya mchele walitoka nje mbio, isipokuwa Kamaldine. Kamaldine alikuwa amekuja kuuliza bei ya sabuni ambayo hakuwa na nia ya kuinunua, na alibaki pale pale kwa sababu pua ilimuwasha. Pua ya Kamaldine haiwashi ovyo. Mara ya mwisho iliwasha alipowauzia watu wa mtaa wa juu vijiko vya bati vya kufunga juu ya paa ili connexion ya intaneti ishuke vizuri, na hata leo upepo ukivuma utasikia nyumba za kule zinalia ngi-ngi-ngi kama jiko la harusi.

"Kuna nini, papa?" aliuliza, kwa sauti ya mtu aliyekuja kuhani msiba.

"Kuna shetani ndani ya simu!" Yakubu alikuwa ameshika kiuno, tumbo limetangulia. "Mutoto wangu iko Kindu. Ameandika 'hôtel Kasongo.' Simu inamujibu nini? Marcellin! Ya kwanza hôtel ya Marcellin, ya pili Marcellin, ya tatu picha ya mbuzi. Na mimi, Yakubu, mwenye hôtel ya bati nyekundu, niko wapi?"

"Uko wapi, papa?"

"Siko! Nyuma ya mbuzi pia siko!"

Kamaldine alivuta kiti. Alikikalia polepole, akapanga suruali yake, akapangusa vumbi lisilokuwepo kwenye koti. Mganga akitaka kutaja jina la mchawi huanza hivyo hivyo.

"Papa Yakubu, moteur haikujui."

"Moteur gani?"

"Moteur ya kutafuta. Iko mulemule ndani ya intaneti. Mutu akiuliza kitu, yenyewe inakimbia dunia yote, inarudi na majibu. Na haili mafuta. Inakula maandishi. Marcellin amekuwa anailisha. Weye umeilisha nini?"

Yakubu alimtazama kwa uso wa mtu aliyeambiwa kwamba ng'ombe wa jirani ananona kwa sababu anapewa majani. "Nilikuwa sijui inakula," alisema.

"Ndiyo maana nimekuja."

"Basi chukua maandishi ya Marcellin, futa jina yake, weka yangu. Tuilishe leo leo!"

Kamaldine alifumba macho kama mtu aliyesikia tusi msikitini. "Papa, papa, papa. Ile moteur haili kiporo. Ukiipa maandishi ya mutu mwingine, inanusa, inakasirika, inakusukuma nyuma kabisa, kwenye kurasa ambazo hata majini hawapitagi. Inataka ya asili."

"Na ya asili ni ya namna gani? Maneno yote ya dunia watu wamekwisha kuyasema."

Hapo, ndugu zangu, Mzee Yakubu, ambaye hakuwahi kusoma kitu kirefu kuliko kibandiko cha gunia, aliuliza swali linalowakunisha vichwa watu wenye miwani. Makala iliyoandikwa upya inapaswa kuwa mpya kiasi gani? Mpya kwa nani? Kwa mtambo, au kwa anayesoma? Kamaldine alikuwa na jibu tayari, nalo halikuwa la bure.

"Papa, umeona fundi wa nguo anavyofanya koti ya mitumba? Anaifumua, anageuza ndani nje, anaweka vifungo vipya. Mwenye koti anakutana nayo njiani, anaisalimia, haiitambui. Mimi ni fundi wa maneno."

Yakubu alichimba ndani ya gunia la mchele mpaka akaitoa simu yake, akaipuliza, akasema, "Anza."

Kibanda cha Kamaldine kilikuwa nyuma ya soko, panneau ya umeme wa jua juu ya paa, kompyuta ndani, na nje ubao ulioandikwa SECRÉTARIAT PUBLIC, DIRECTION GÉNÉRALE. Direction yenyewe ilikuwa kiti kimoja. Hapo aliichukua makala ya hoteli moja ya mji wa mbali, hoteli yenye bwawa na bendi, akaanza kuifumua. Kazi yake ilikuwa rahisi: kila neno alilifukuza, akamweka jamaa yake mahali pake. Palipokuwa na chandarua akaweka nguo ya mbu. Palipokuwa na maji ya moto akaweka maji yenye hasira. Kuku wa kukaanga akawa ndege wa nyumbani aliyeadhibiwa kwa mafuta. Kisha makala aliipeleka kwenye ukurasa mmoja wa intaneti unaopima kama maandishi yameibwa. Ukurasa ulifikiri kidogo, ukawasha taa ya kijani: asilimia tisini na moja ni ya asili.

Yeye mwenyewe hakuisoma. Mtambo umeshasema ni asili, mwanadamu ni nani abishe?

Na maajabu ni kwamba ilifanya kazi. Moteur iliimeza ile makala bila kutafuna. Baada ya muda mfupi mtu akiandika "hôtel Kasongo" alimkuta Yakubu juu, Marcellin chini yake, na mbuzi bado mahali pake pa tatu. Watu wa Kindu waliisoma wakacheka mpaka wakaketi chini. Wakatumiana, simu hadi simu. Mawakala wa mashirika waliokuwa wakipita Kasongo bila kusimama sasa walisimama makusudi, waoge maji yenye hasira. Hoteli ikajaa.

"Unaona?" Yakubu alimwambia mke wake, Mama Faridah. "Wageni wanafurahi mpaka meno yote yanaonekana!"

"Naona," alijibu Mama Faridah, ambaye ndiye aliyekuwa akipika. "Lakini wanakuja jikoni kuniuliza yule ndege alifanya kosa gani."

Jioni moja Marcellin naye alikuja kibandani, kofia imeshuka mpaka puani. Kamaldine hakuwa mtu wa kubagua. Koti lile lile aliligeuza tena, ndani ikarudi nje, na hoteli ya Marcellin ikapata "majimaji yaliyonuna" pamoja na "kiumbe wa uani aliyetubu katika kikaango." Kwa mwezi ule wazee wawili walishindana kupanda na kushuka kwenye simu kama watoto kwenye mti wa mapera, na kila anayeshuka alirudi kwa fundi.

Ndipo Yakubu alipomletea fundi wake pikipiki kuwa malipo.

Ilikuwa nyekundu. Si nyekundu ya matofali wala ya nyanya. Nyekundu ya mdomo wa bibi harusi. Ilikuwa bado na nailoni kwenye kiti, na Kamaldine aliapa kwamba nailoni ile haitatoka maisha yake yote. Toka utoto alikuwa amepanda pikipiki za watu, nyuma, miguu ikining'inia, akiambiwa "shuka hapa, kilima." Sasa alikuwa nayo yake. Aliiosha asubuhi, akaiosha adhuhuri, na usiku aliiingiza ndani, akalala yeye karibu na mlango ili mwizi ajikwae kwake kwanza. Inasemekana hata kunguru wa msikiti mkubwa waliacha kunya upande ule wa barabara, kwa heshima. Alipigwa picha juu yake, miwani ya jua machoni, na picha hiyo akaiweka juu ya kila makala, na chini yake: Kamaldine, Mwandishi wa Asili.

"Ni yako," Yakubu alikuwa amemwambia. "Lakini usikie vizuri. Siku nitajua umeniuzia kiporo, inarudi hapa dépôt, na weye unarudi kwa miguu yako."

"Papa, kiporo? Mimi?" alisema Kamaldine, na mkono ulikuwa tayari kwenye usukani.

Tajiri akishapanda juu ya paa hutaka kupanda juu ya mnazi. Yakubu alichoka na hoteli. Sasa alitaka mchele. "Watu wa Kindu na Bukavu wakitafuta muchele ya Wamaza, wanione mimi," alisema. "Weka makala juu ya Wamaza. Mashamba, desturi, kila kitu. Ya asili!"

Kamaldine hakuwahi kufika Wamaza. Alijua tu kwamba iko huko upande wa Kabambare, kwamba njia yake inakula matairi, na kwamba mchele wake unanukia. Lakini kwenye intaneti alipata ukurasa wa mtu anayejiita Mama Léocadie wa Wamaza, aliyekuwa akiandika juu ya mpunga, ungo, mvua na madaraja yaliyovunjika. Aliandika vizuri, kwa maneno yaliyotulia. Kamaldine alimshukuru Mungu kwa kuumba wanawake wenye bidii, akaifumua makala yake ya kwanza. "Wanawake hupepeta kwa ungo" ikawa "mabibi huipulizia upepo nafaka nyeupe juu ya sahani ya nyuzi." Taa ya kijani. Picha ya pikipiki juu. Yakubu akafurahi.

Wiki iliyofuata Mama Léocadie aliweka makala nyingine, fupi. Angekuwa Kamaldine anasoma anachoiba, hadithi hii ingekomea hapa. Iliandikwa hivi:

"Mgeni anayemleta mnunuzi Wamaza huitwa Mume wa Ghala. Akifika, huwakabidhi wanawake wa mpunga chombo kilichomleta, iwe baiskeli au pikipiki, nacho hukaa kwao kwa msimu mmoja wa mpunga. Mnunuzi wa Mume wa Ghala aliyetimiza hayo ndiye huuziwa mavuno yote. Wengine huambiwa ghala ni tupu, hata kama panya wake wameshindwa kutembea kwa shibe."

Kamaldine alifukuza maneno na kuita jamaa zao. Mume wa Ghala akawa Bwana wa Stoo. Baiskeli au pikipiki, zote mbili kwa pamoja, zikawa farasi wa chuma. Akapeleka kwa mpimaji. Mpimaji akafikiri, akafikiri tena, akawasha taa nyekundu. Makala ilikuwa fupi mno. Harufu ya mwenyewe ilikuwa bado imeishika.

Alikuna kichwa. Hakukuwa na vifungo tena vya kubadilisha. Ilibidi, kwa mara ya kwanza tangu aache shule, aongeze kitu kilichotoka ndani ya kichwa chake mwenyewe. Akatazama juu, akatazama chini, akaona pale penye "msimu mmoja wa mpunga" pamepooza, hapana chumvi. Akapafuta. Akaandika: "na farasi huyo hatamrudia mwenyewe mpaka jua lichwe mashariki."

Taa ya kijani! Asilimia tisini na tatu! Kamaldine alisimama, akapiga makofi peke yake. Sentensi ile aliisoma mara mbili kwa sauti. Nyingine zote hakuzisoma hata mara moja.

Yakubu naye aliipenda mpaka machozi. "Mpaka jua lichwe mashariki!" aliimba akizunguka dépôt. "Haya ndiyo maneno! Haya umeyatoa wapi?"

"Kwa wenyewe, papa. Nimekaa nao. Nimekula sombe yao. Nimeyasikia kwa haya masikio mawili, wallahi."

Kumtaja Mungu ni kitu ambacho hata tapeli mwenye adabu hukiweka akiba. Lakini pikipiki ilikuwa imesimama jua kali nje, inang'aa, na ulimi wa Kamaldine uliteleza. Yakubu aliisoma makala mbele ya wanaume waliotoka swala ya alasiri, na sentensi ikaingia mjini. Waendesha pikipiki wakawa wanaambiana, "Nitakungoja hapa mpaka jua lichwe mashariki," na wasichana sokoni waliwajibu wachumba wao vivyo hivyo.

Kumbe Yakubu, tofauti na mwandishi wake, alikuwa amesoma mpaka mwisho.

"Mavuno yote," alisema asubuhi moja, akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda na kofia ya pikipiki kichwani, kubwa, nyeusi, ambayo Mama Faridah alimlazimisha avae. "Mnunuzi aliyeletwa na mutu wao anapewa mavuno yote. Marcellin ameanza kuuliza njia ya Wamaza. Twende leo."

"Leo, papa? Njia imeoza."

"Weye si ndiye ulikaa nao? Weye ndiye Bwana wa Stoo! Au hukukaa nao?"

Jicho la Yakubu lilitoka kwa Kamaldine, likatembea taratibu mpaka kwenye pikipiki, likarudi. Kamaldine aliwasha pikipiki.

Kuhusu barabara ya kutoka Kasongo kwenda upande wa Kabambare, waongo wana kazi nyepesi, maana hakuna uongo unaoweza kuizidi. Kuna mashimo ambayo bata wamezaliwa humo, wakaolewa humo. Kuna madaraja ya magogo ambayo unavuka kwanza wewe, kisha moyo wako unakufuata baadaye. Kamaldine aliendesha kama mtu aliyebeba yai mdomoni, akiipapasa pikipiki kila ikikohoa, na Yakubu nyuma yake alitoa karatasi ya makala na kuisoma kwa sauti ili wakati upite.

"Bwana wa Stoo... mabibi wa nafaka... Kamaldine, huyu farasi wa chuma ni kitu gani?"

"Ni... ni lugha ya wazee, papa. Maneno ya zamani."

"Ya zamani. Basi itakuwa treni."

"Ndiyo, treni!"

Yakubu alilitafakari hilo kwa muda wa madimbwi kadhaa. "Lakini mutu wa kijiji atawapa vipi wanamuke treni? Treni ni ya serikali."

Kamaldine aliinamia usukani. Alikuwa ameanza kutafuta nyuma ndani ya kichwa chake neno alilolifukuza ili kumkaribisha yule farasi. Alilitafuta penye daraja la kwanza, hakulipata. Penye daraja la pili alilipata, na kidogo pikipiki iingie mtoni.

"Nini?" alipiga kelele Yakubu.

"Hakuna, papa! Nzi ameingia jichoni!"

Walipokaribia Wamaza, mpaka harufu ya mpunga uliochemshwa ikawafikia, Kamaldine alisimama ghafla penye majani marefu. "Papa, tushuke. Heshima ya hapa ni kuingia kwa miguu. Wazee hawapendi makelele."

"Hiyo hukuiandika."

"Ni ya makala itakayokuja."

Aliisukuma pikipiki ndani kabisa ya majani, akaifunika matawi, akaipiga busu kwenye taa, wakaenda kwa miguu.

Uwanjani penye ghala wanawake walikuwa wakianika mpunga juu ya mikeka. Aliyesimama katikati alikuwa mama mfupi, mweusi wa kung'aa, kitenge cha njano, simu imechomekwa kifuani. Alikuwa na uso wa mtu anayekaribia kucheka na kujizuia.

"Karibuni! Karibuni sana! Mimi ni Mama Léocadie, ndiye wanamama hawa wamenipa kusimamia ghala. Na weye, baba, nakutambua. Ni yule wa kwenye picha!"

"Ananitambua, papa," Kamaldine alinong'ona, jasho likimtiririka.

"Anakutambua kumbe," alisema Yakubu kwa furaha, wala hakulijali neno la picha.

"Mumekuja na nini?" aliuliza Mama Léocadie.

"Na miguu, mama," alisema Kamaldine haraka. "Kutoka Kasongo. Kwa miguu tu."

Wanawake waliacha kuanika. Walitazama viatu vya Kamaldine, vilivyong'aa kama sahani. Kisha wote kwa pamoja wakamgeukia Mzee Yakubu, ambaye alikuwa amesimama pale, mikono nyuma, heshima tupu, na lile likofia jeusi la pikipiki kichwani.

"Na huyu muzee," alisema Mama Léocadie kwa upole, "anavaaga hiyo kwa ajili ya jua?"

Vicheko viliruka kama kuku waliotupiwa jiwe. Mmoja wao, Darlène, msichana wa miguu mirefu, hakungoja. Aliufuata mstari wa tairi kwenye tope, na punde akarudi akiisukuma pikipiki nyekundu, majani bado yametundikwa kwenye vioo vyake kama mtu aliyetoka kuvishwa taji. Wanawake waliipigia vigelegele, wakaipaka unga wa mchele kwenye taa, wakaifunga kitenge.

"Nailoni!" Kamaldine alilia. "Musishike nailoni!"

Mama Léocadie alifunua simu yake, akakohoa, akasoma kwa sauti ya padri wa Pasaka: "'Atiapo mguu, huwapa mabibi wa nafaka farasi wa chuma aliyembeba.' Maneno mazuri, monsieur. Ya asili kabisa. Hatukujua kama mutu wa Kasongo anaweza kuheshimu desturi yetu namna hii."

"Kumbe farasi ndiyo pikipiki!" Yakubu alipiga paja. Uso wake ulikuwa unahesabu magunia. "Mupe, Kamaldine. Mupe haraka, tuone ghala!"

Kamaldine alimtazama Yakubu, akaitazama pikipiki. Kichwani mwake ilibaki kamba moja ya kujishikia, nayo aliishika kwa mikono miwili bila kuangalia imefungwa wapi.

"Sawa! Lakini ni musimu moja tu!" alipiga kelele. "Iko imeandikwa! Musimu moja wa mupunga, halafu inarudi!"

Wanawake wote waligeuka. Hata mpunga kwenye mikeka ulionekana unasikiliza.

"Imeandikwa wapi?" aliuliza Mama Léocadie.

"Ndiyo, wapi?" Yakubu naye aligeuka, kofia yote ikageuka naye. "Makala yako nimeishika hapa. Haina musimu. Inasema mpaka jua lichwe mashariki. Kasongo nzima inaimba. Musimu umeisoma kwa nani?"

Kamaldine alifungua kinywa. Upande mmoja wa ulimi ulikuwa na ukweli: kwamba ameisoma kwa mama huyu, neno kwa neno, kabla hajaigeuza. Akiutema, Yakubu anaichukua pikipiki, na mji wote utajua kwamba Mwandishi wa Asili ni muuza viporo. Upande wa pili wa ulimi haukuwa na kitu, ni mate tu. Mama Léocadie alimngoja kwa adabu kubwa. Alikuwa na siku nzima.

"Nimekosea, papa," alisema mwishowe, kwa sauti iliyotoka chini ya viatu. "Ni mpaka jua lichwe mashariki."

"Nilijua!" alisema Yakubu, akamkumbatia.

Mavuno yaliuzwa, yote, kwa bei ambayo Mama Léocadie aliitaja mara moja na Yakubu hakuthubutu kuipunguza, kwa maana unambembelezaje bei mtu aliyekupa ghala zima kwa desturi takatifu? Kamaldine alipewa kuku jike, mwembamba, mwenye jicho la dharau. Ilikuwa zawadi ya Bwana wa Stoo. Yakubu alikodi pikipiki ya abiria ya kumrudisha Kasongo. Nafasi ya nyuma ilikuwa moja, akaikalia yeye, na gunia la mchele wa mfano likakaa kati yake na dereva.

"Weye unajua njia za hapa," alimwambia Kamaldine kwa upendo. "Umekaa nao."

Mama Léocadie alimsindikiza Bwana wa Stoo mpaka mwisho wa kijiji, kama adabu inavyotaka. Nyuma yao Darlène alikuwa tayari juu ya pikipiki, magunia mawili nyuma, anajifunza kugeuka, na kila akigeuka kuku walihama kata.

"Mama," alisema Kamaldine, kuku kwapani. "Hiyo desturi. Ni ya tangu lini?"

"Tangu ile wiki ulipochukua makala yangu ya kupepeta, ukaweka picha ya pikipiki juu yake. Tulikuwa tunasukuma muchele kwa baiskeli mpaka Kabambare, baba. Nikaitazama ile picha. Nikasema, Mungu ametupa pikipiki, imebaki tu kuiandikia njia."

"Kwa hiyo umetunga. Uongo mutupu!"

"Uongo? Makala yangu hakuna aliyeisoma. Ni yako iliyosomwa na watu wote, na umeiapia, muzee wako ametuambia." Alimpangusa unga wa mchele begani, kama mama anavyompangusa mtoto anayekwenda shule. "Na mimi nilikuwa na huruma, baba. Mimi niliandika musimu moja. Wanamama waliniambia, andika milele, nikakataa, nikasema hapana, mutoto wa watu, tuitumie, tumurudishie. Makala nzima ilikuwa yangu. Ile ya jua ndiyo ya kwako."

Kamaldine alimhamisha kuku kwapa la pili.

"Na mpimaji wa intaneti, maana najua ulimpelekea, alikupa asilimia ngapi?" aliuliza Mama Léocadie.

"Tisini na tatu."

"Ulistahili," alisema Mama Léocadie, akarudi kwa mpunga wake.

Kamaldine alitembea. Alivuka madaraja yale yale, na safari hii moyo ulivuka kwanza, maana haukuwa na cha kuogopa tena. Waliopita naye njiani walimuuliza kama kuku anauzwa. Kila jioni alilitazama jua kwa makini, na kila jioni lilichwa upande wake wa siku zote, bila aibu.

Alipofika Kasongo, kisigino kimefunguka na kuku amenenepa kwa panzi wa njiani, soko lilimpokea kwa shangwe ambayo hakuielewa mpaka alipowasha kompyuta. Moteur ilikuwa imeweka makala mpya juu kabisa, juu ya Yakubu, juu ya Marcellin, juu hata ya mbuzi. "Mjinga Aliyetuletea Pikipiki," imeandikwa na Mama Léocadie wa Wamaza, na picha: pikipiki nyekundu imebeba magunia manne, kiti hakina nailoni. Jina la mjinga hakulitaja. Alisema tu kwamba ni mtu wa miwani ya jua, anayejua kuapa. Sokoni hakuna aliyehitaji jina. Yakubu peke yake ndiye aliyekuwa bado hajaisoma, kwa kuwa alikuwa akihesabu magunia.

Kamaldine aliisoma yote. Makala ya kwanza maishani mwake aliyoisoma kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho. Aliipeleka kwa mpimaji: mia kwa mia, taa ya kijani mpaka kibanda kizima kikawa kama shamba la muhogo.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Marcellin, kofia puani.

"Directeur, ile makala ya Wamaza inachekesha watu sana. Nigeuzie na mimi moja, niweke kwenye ukurasa ya hôtel yangu. Lakini iwe ya asili, eh?"

Pua ya Kamaldine iliwasha kidogo. Mkia wa nyoka hukatwa lakini unacheza. Alivuta kiti, akapanga suruali, akanyoosha vidole juu ya kompyuta, na akaanza, kama kawaida, na neno la kwanza: mjinga. Akalifukuza. Akawaita jamaa zake. Akaja bwege. Akaja juha, akaja zuzu, akaja mpumbavu, wakajipanga mstari mbele yake kama wachumba, kila mmoja amevaa miwani ya jua.

"Unangoja nini?" aliuliza Marcellin.

"Nachagua," alisema Kamaldine. "Yote yananikaa."